Salim, Sikuchagua Jinja

Salim wangu,

Salamu nakupa, na jibu lake nimejizoesha kulingoja bila kulisikia. Niko juu, chumbani kwetu, dirisha nimelirudisha nusu kwa sababu ya jua la alasiri, na mamako yuko jikoni anakaanga kitu kwa kelele zake zile, sufuria na mfuniko kama wanagombana. Nimekaa upande wako wa kitanda. Ndiyo, nimekuchukulia upande wako. Ungekuwepo ungenisukuma.

Nakuandikia kwa kuwa nina neno la kukwambia na najua utanuna. Ile safari ya mto imepata pa kwenda. Nimechagua mimi, kama ulivyowaambia wenzako kwamba mimi ndiye nitakayechagua. Na si Jinja.

Ngoja, usikasirike bado. Niache nieleze tangu mwanzo, maana wewe hata ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kungoja maelezo yaishe.

Wakumbuka ilivyoanza? Tulikuwa Kizingo, pale kwenye mnara wa taa, tumekaa ukutani tunakula mihogo ya kukaanga, mimi pilipili imenishinda na wewe wacheka. Ukatoa simu ukanionyesha watu wamejazana ndani ya boti la mpira, wamevaa kofia ngumu, wanashuka mto unaotoka povu. Boti likakunjika katikati. Watu wawili wakarushwa kama maganda. Nikakuuliza: hawa wamelipwa au wamelaaniwa? Ukacheka mpaka mama muuza mihogo akageuka. Ukasema, "Rehema, na sisi tutakwenda." Nikasema wewe nenda, mimi nitakungoja kwa mamako.

Sikukuelewa, wallahi. Mtu ashinda siku nzima bandarini ndani ya tumbo la boti ya kuvuta meli, akitengeneza injini, akirudi ananuka dizeli hata nyuma ya masikio, kisha siku ya kupumzika anatafuta maji mengine. Tena maji ya mbali! Kama kwamba haya yaliyotuzunguka hayatoshi. Lakini ulikuwa umeshashikwa. Ukamtia Mutua wa kazini, ukamtia Athman, mwenzako tangu mlipokuwa mkiruka baharini nyuma ya Ngome ya Yesu mkiwa uchi mbele ya wageni. Kila jioni mkawa barazani chini ya dirisha letu, mito na mito.

Mutua alitaka Mto Athi kwa sababu ni wa kwao Ukambani, na Mkamba hawezi kusifu maji ya mtu mwengine. Athman alitaka Sagana kwa kuwa alisikia kuna nyama choma hapo hapo ukingoni. Na wewe, Jinja, huko Uganda. Asubuhi Jinja, jioni Jinja. Mto Naili! Ulilitamka hilo jina ukinyoosha shingo, utadhani ulikuwa na shamba huko. Mkabishana hadi mkachoka, na siku moja nikakusikia kwa masikio yangu ukiwaambia: "Mke wangu ndiye atakayechagua. Yeye haogopi mtu, aogopa maji tu. Basi atachagua kwa akili."

Na ilikuwa kweli. Mimi mtoto wa Majengo, nimezaliwa kisiwani, bahari kila upande, na kuogelea sijui. Maji yakinifika magotini namshika mtu, simjui simjali. Wewe uliahidi kunifunza, tukaenda mara moja, nikakukwaruza shingo ukabaki na alama wiki nzima, wenzako kazini wakafikiria mengine. Basi nikakwambia nitachagua, ila sitapanda. Nitakaa ukingoni na chupa ya chai na sambusa, niwahesabu mkishuka.

Tena nikawa sichagui. Kila Ijumaa wauliza, kila Ijumaa nasema wiki ijayo. Nilikuwa natumaini utapata wazimu mwengine, ununue kanari au ulime. Hukupata. Badala yake ukaja kunitangazia kwamba tarehe umeshaitafuta mwenyewe, yabaki mto tu. Kumbe umeitoa kwenye ile kalenda ya maji iliyo jikoni! Ukachagua siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, eti mto usiwe na nguvu nyingi, tusije tukaangukia bamvua, yale maji makubwa ya mwezi. Ukamwambia Mutua. Nilikuwa dirishani, nikamsikia maskini kikombe kikimtoka mkononi. "Salim, ndugu yangu, mto haujui mwezi! Mto unajua mvua!" Na wewe, kichwa kigumu: "Maji ni maji." Athman naye: "Hapo yuasema kweli." Watoto wa Mji wa Kale wawili, mnalipangia Ziwa Viktoria kujaa na kupwa. Mutua aliondoka akishika kichwa.

Nacheka, Salim. Naandika nikicheka, na karatasi imerowa.

Wajua ulivyoondoka? Maana mimi bado sijui. Ulirudi kazini mapema, ukasema kichwa chauma, ukaomba chai ya tangawizi, ukasema wajilaza kidogo tu mpaka adhana ya alasiri. Adhana ikaadhiniwa. Nikakuita. Nikakuita tena kwa hasira, nikakwambia mwanamume mzima walala mpaka swala yakupita. Daktari alisema mshipa wa kichwani. Alisema na mengine, yalinipita. Nilikuwa nafikiria ile chai, kwamba ilikuwa bado ina moto.

Mimi, nilikuwa nakulinda na mto! Nilikuwa nimesimama mlangoni na mikono nimeitandaza, nakuzuilia Naili isikuchukue, na mauti yakapanda ngazi za nyumba yetu taratibu, yakakukuta juu ya mto wa kulalia nilioushona mwenyewe. Mtu aliyezaliwa majini, amefia pakavu. Nani nimlaumu? Niambie nani, nimlaumu.

Walikuchukua kabla ya magharibi. Mutua alipokezana jeneza na wenzake, kofia ameazima kwa Athman, imemkaa juu ya utosi tu haikushuka, naye alilia waziwazi njia nzima, ndivyo nilivyoambiwa. Sisi wanawake tukabaki juu. Nikakaa eda. Nikavua dhahabu, nikaacha udi na manukato, nikafungiwa na hizi kuta nne, na kule shuleni watoto wangu wa chekechea wakapewa mwalimu mwengine. Yuasema wananiulizia. Mmoja amesema Mwalimu Rehema ameliwa na nyumba.

Nilidhani safari imekufa nawe. Haikufa. Wenzako walikaa kimya mpaka arubaini ikapita, ndipo siku moja nikawasikia barazani. Wanaongea kwa sauti ya juu, si kawaida ya Athman, nikajua wanataka nisikie. Lakini mimi niko edani, na hao si maharimu zangu, hawawezi kuniuliza mimi. Basi wakamwita mamako. Mama akashuka, akasikiliza, akapanda ngazi zote zile akitweta, akasimama mbele yangu kunieleza maneno ambayo nimeyasikia yote dirishani. Nikamwacha aeleze. Ndiyo adabu. "Wanasema marehemu alisema wewe ndiye mwenye kuchagua. Wanasema wao hawavunji neno lake. Hata ukikaa mwaka, watangoja."

Nililia mpaka Mama akaniletea maji.

Basi ikawa hivyo jioni nyingi. Mama mjumbe. Anashuka na swali langu, anapanda na jibu lao, na njiani huongeza la kwake. Huko Sagana maji yakoje? Wanasema kuna pahala pa kiwango cha pili, cha tatu, na pengine cha nne. Na Athi? Wanasema mvua ikikosekana ni mawe matupu, mtaburuta boti. Na Jinja? Wanasema Jinja ni kiwango cha tano, mawimbi yamshinda mtu kimo. Bibi huyu ambaye hajapata kuvaa suruali maishani mwake, Salim, akawa anajua viwango vya maporomoko kuliko anavyojua bei ya sukari. Siku moja nikamsikia akiwauliza kwa ukali, "Lakini mumeangalia kama ni maji mafu?" Athman akajibu kwa heshima zote kwamba wataangalia. Mutua nikasikia viatu vyake vikiondoka. Nafikiri amekata tamaa na sisi.

Watu nao hawakukosa la kusema. Jirani mmoja alikuja kunipa pole akaketi, akanywa kahawa yetu, akasema, "Mjane gani huyu ashughulika na michezo?" Mimi nikafungua mdomo, na wanijua nikifungua mdomo. Mama akanitangulia. "Yuatimiza neno la mumewe. Wako angekufa ungemtimizia lipi?" Kahawa hakuimaliza.

Sasa nitakwambia jambo. Nimelizunguka vya kutosha.

Nilipochagua mara ya kwanza, nilichagua Jinja. Nilimwambia Mama: kawaambie Jinja, kiwango cha tano, na kawaambie na mimi nitapanda. Nitakaa mahali pake Salim. Nilisema kwa utulivu. Nilikuwa nimekwisha kulifikiri, nimelifikiri kila ninapotandika kitanda nikaona shuka upande mmoja haikukunjwa. Sikutaka kufanya dhambi kwa mkono wangu, hilo nalikataa na nilikuwa nalikataa. Nilitaka tu kwenda mahali penye maji mengi yenye nguvu, mtu asiyejua kuogelea, niyaache yafanye yatakalo. Nani angesema kitu? Wangesema ajali. Wangesema maskini, alimfuata mumewe. Nilikuwa nakuja kwako, Salim. Nilikuwa nishapata njia.

Mama akaitikia, haya. Akashuka. Nikasogea dirishani kusikia watakavyoshangilia. Nikamsikia akiwaambia: "Bado yuafikiri. Rudini wiki ijayo."

Nilidhani amesahau. Mama na kusahau, wapi na wapi.

Kesho yake asubuhi akaja na kahawa vikombe viwili, akaketi hapa hapa nilipoketi sasa. Akasema, "Sijawaambia." Nikamuuliza hajawaambia nini. Akasema, "Wajua nini. Nimepanda na kushuka ngazi hizi na viwango vyao mpaka nimevijua. Cha tano ni cha watu waliozoea. Wewe wajua kuogelea?" Nikapuliza kahawa. "Nakuuliza, wajua kuogelea?" Nikasema nitavaa lile jaketi la kuelea, kila mtu huvalishwa. Akaniangalia. Wayajua macho yake, yale ya kukutazama mpaka ukatoa peremende uliyoificha.

"Hilo jaketi," akasema, "ungelifunga?"

Nikageukia dirisha, Salim. Ningemjibu nini?

Akaweka kikombe chini. Mama ambaye siku yako hakutoa sauti mbele za watu, aliyewapokea wageni wote, aliyehakikisha hata watu wa kuchimba kaburi wamekula. Akasema, "Mwanangu mmoja nimemzika. Wewe waja kunipangia wa pili, kisha wanituma mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikaipeleke habari chini?" Akalia. Subhanallah, sijapata kusikia mtu akilia vile. Na mimi nikalia, tukashikana, kahawa ikamwagika kwenye lile zulia lako usilotaka likanyagwe na viatu. Halitoki. Nimesugua, halitoki.

Tangu siku hiyo analala chumbani kwangu. Hakuomba ruhusa, alikuja na godoro lake tu. Akoroma, Salim. Hukuniambia kwamba ulirithi.

Hatukuitaja safari kwa muda. Kisha siku moja tunachambua mchele, akaniuliza kama kwamba ni jambo la mchele: ule mto wa Athman, ule Sagana wenye nyama choma, uko wapi? Nikamwambia uko kule chini ya Mlima Kenya, ndio huo huo Mto Tana, hapo ungali kijana. Akaacha kuchambua.

"Tana? Tana hii yetu?"

Nilikuwa nimesahau. Nawe pia ulisahau, maana miaka yote uliyoimba Jinja hukulisema hili hata mara moja: mamako ni wa Kipini, mahali Tana inapomwaga maji baharini. Yeye ameoga katika mto huo. Amefuliwa nepi kwenye mto huo. Aliondoka msichana kuja kuolewa Mombasa na hakuuona tena. Akaniambia kwao mto hufika umechoka, mwekundu, waenda polepole hata huoni kama waenda, na mamba wamejilaza na viboko wanapiga miayo. Nikachukua simu nikamtafutia video ya Sagana. Akaishika mbali na uso, miwani hana. Akatazama maji yanavyoruka juu ya mawe meupe, boti likipanda na kushuka, watu wakipiga mayowe. "Ndio huu huu?" Nikasema ndio huu huu, Mama. "Astaghfirullah. Kumbe ujanani mwake mkorofi hivi!" Akacheka. Mara ya kwanza tangu ufe, mamako alicheka, akafunika mdomo kwa kanga akaniangalia kama mwizi, nami nikacheka kumfanya asione haya.

Akatazama tena, na tena. Kisha akanirudishia simu, akasema, "Huu nenda. Na mimi nakwenda nawe. Mwisho wake naujua, nataka niuone unakotoka. Nitakaa ukingoni nikungoje. Lakini nakupa sharti moja. Ukipanda, ushuke."

Basi ndiyo hivyo. Jioni ile alishuka mwenyewe akawaambia Sagana. Athman alipiga takbiri kwa ajili ya nyama choma, Mungu amsamehe. Mutua akauliza kwa sauti ndogo kama shemeji ana hakika, maana Salim alitaka Jinja. Na mamako, pale pale barazani, akamjibu: "Salim alitaka mkewe achague. Amechagua." Tutakwenda eda yangu ikiisha na masika yakishapita kule milimani. Mutua anampigia simu mtu wake wa huko kila siku chache kuuliza mvua, na Mama hunipandishia taarifa. Kaka yangu Hamisi atapanda pamoja nami. Naye hajui kuogelea, lakini yeye hajioni kama hajui.

Sasa nuna, kama wataka kununa. Najua ungependa Naili. Ungependa nipande mahali pako kwenye yale mawimbi makubwa na wewe uone fahari. Samahani, mpenzi. Hii nimeichagua kwa ajili ya huyu aliye hai, anayenikaangia samaki saa hii na kupiga kelele na sufuria kwa makusudi ili nijue hajakwenda mahali.

Na kuna jambo jengine, la mwisho. Juzi Athman alituma picha ya boti lenyewe tutakalopanda, limewekwa juu ya nyasi, dogo, la njano. Nilipoliona nikairusha simu kitandani. Nikaifunika kwa shuka. Niliogopa, Salim. Wewe wajua tangu ulipoondoka sijaogopa kitu? Nilikuwa napita karibu na moto bila kuvuta nguo. Na juzi nikaogopa boti la mpira lililo juu ya nyasi! Nikakaa hapa na woga wangu, na katikati ya woga nikafurahi, kisha nikaona haya mbele yako kwa kufurahi. Usinichukie. Sikuacha kukupenda. Nakupenda hivi kwamba nikisikia injini ya boti bandarini nageuza kichwa. Lakini nimeogopa, na mtu haogopi kupoteza asichokitaka.

Mama aniita, samaki tayari. Nikuage.

Kwaheri, Salim wangu, mume wangu, mbishi wangu. Mungu akulaze pema, akupe huko maji baridi ya kunywa na asikunyime ya kuchezea. Ahadi yangu ndiyo hii: nitapanda mahali pako. Jaketi nitalifunga, kila mkanda, nikaze mpaka nikose pumzi. Nitapiga kasia hata kama nimefumba macho. Na lile boti likipinduka, maana Mutua asema hupinduka, ukaniona chini ya maji nakuja upande wako, tafadhali usininyooshee mkono. Nigeuze, mpenzi. Nisukume kwa nguvu zako zote, nirudi juu. Mamako yuko ukingoni, ananihesabu.

Mkeo,
Rehema